Obote alitia sahihi Jumuiya ikizaliwa, akatia tena mali yake ikigawanywa

Chini ya kilima cha Kyambogo, pale Banda kwenye barabara ya Jinja, malori ya kutoka Malaba na Busia hupita usiku na mchana. Mimi huishi huku juu, karibu na chuo kikuu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikipeleka maharagwe Busia na kurudi na bidhaa za Nairobi.

Foleni ya mpakani ikiwa ndefu, vijana ninaosafiri nao huniuliza ilikuwaje Jumuiya ya kwanza ikavunjika. Wengi wao tayari wana jibu, nalo ni Idi Amin. Mimi huwaanzia kwa mtu mwingine, hayati Apollo Milton Obote.

Obote alizaliwa Desemba 1925 katika kijiji cha Akokoro, nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Alisoma Busoga College, Mwiri, kisha akaingia Makerere lakini hakumaliza. Baada ya hapo alifanya ambacho maelfu ya wenzake walikuwa wakifanya: alivuka kwenda Kenya kutafuta kibarua.

Huko alifanya kazi katika kampuni ya ujenzi na akaonja siasa za kudai uhuru. Wakati huo hakuna aliyemwita mgeni. Kenya na Uganda zilikuwa na forodha moja tangu 1917, Tanganyika ikajiunga katika miaka ya 1920, na shilingi ilikuwa moja kote. Mtu alipanda gari la moshi Kampala akashuka Nairobi na pesa zilezile mfukoni.

Alirudi nyumbani katikati ya miaka ya 1950, mwaka wa 1957 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka wa 1960 akawa kiongozi wa chama cha UPC. Oktoba 9, 1962 Uganda ilipopata uhuru, yeye alikuwa Waziri Mkuu.

Juni 1963 aliungana na Jomo Kenyatta na Julius Nyerere kutangaza kwamba nchi tatu zingekuwa shirikisho moja. Haikuwa hivyo. Uganda ilisitasita, na ufalme wa Buganda haukutaka kusikia habari ya kumezwa. Mwaka wa 1965 ikatangazwa kwamba kila nchi itakuwa na fedha yake. Kwa mchuuzi, hapo ndipo mpaka ulipozaliwa hasa, maana alianza kupoteza kidogo kila alipobadilisha pesa.

Mwaka wa 1966 Obote alivunja katiba, akajifanya Rais, na jeshi likavamia ikulu ya Kabaka huko Mengo chini ya Idi Amin. Waganda hawajasahau. Lakini mwaka uliofuata, Juni 6, 1967, alikuwa mwenyeji hapa Kampala wakati yeye, Kenyatta na Nyerere walipotia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Ulikuwa mkataba mzito. Makao makuu yaliwekwa Arusha. Reli na ndege zilibaki na ofisi kuu Nairobi, bandari zikapewa Dar es Salaam, posta na simu zikaja Kampala pamoja na Benki ya Maendeleo. Kwa kuwa viwanda vingi vilikuwa Kenya, Uganda na Tanzania ziliruhusiwa kutoza kodi maalumu baadhi ya bidhaa za jirani ili viwanda vyao vichanga vipumue. Lakini juu kabisa, maamuzi makubwa yaliachwa mikononi mwa marais watatu wakikaa meza moja. Hilo likumbuke, msomaji, tutalirudia.

Desemba 1969 Obote alipigwa risasi mdomoni akitoka kwenye mkutano wa chama Lugogo, mwendo mfupi tu kutoka hapa Kyambogo. Alipona. Alikuwa ameshaelekea kwenye siasa za mrengo wa kushoto, na Mei 1, 1970 alitangaza kwamba serikali ingechukua asilimia 60 ya makampuni makubwa.

Kisha, kabla mwaka huo haujaisha, serikali yake ikawafukuza wafanyakazi wa Kenya. Hesabu inayotajwa ni watu wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo. Walikuwa makarani, wafanyakazi wa reli na vibarua wa mashamba ya miwa. Wengine waliishi katika nyumba za Nakawa na Naguru, hapo chini yetu, nyumba ambazo zilibomolewa mwaka wa 2011.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaomtupia Amin kila kitu. Aliyewafukuza Wakenya alikuwa mtu aliyepata kula jasho lake Kenya. Mkataba ulikuwa na miaka mitatu tu, na kutoka ndani ya nchi mwenyeji ulikuja ujumbe kwamba bidhaa zako zinakaribishwa lakini wewe urudi kwenu. Sababu iliyotolewa ilikuwa ajira kwa wananchi. Ni sababu ileile tunayoisikia mpaka leo kila uchaguzi unapokaribia.

Januari 25, 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alimpindua. Nyerere alimpokea Dar es Salaam, akakataa kumtambua Amin na kukaa naye meza moja.

Sasa ikumbuke ile meza ya marais. Tangu siku hiyo mpaka Jumuiya inakufa, marais watatu hawakuketi tena. Karatasi zilizungushwa kutoka mji hadi mji, huku mambo makubwa yakilala. Obote hakuwa na cheo tena, lakini kuwapo kwake tu Dar es Salaam kulitosha kuifunga ofisi ya Arusha. Septemba 1972 wafuasi wake walivamia kutoka Tanzania wakashindwa, na chuki ikazidi.

Amin naye alifanya yake. Mwaka wa 1972 aliwafukuza Waasia, na maduka yakakauka. Februari 1976 alidai sehemu za magharibi ya Kenya, na makuli wa Mombasa wakakataa kushughulikia mizigo ya Uganda. Nchi isiyo na bahari ikajua maana ya kumtusi mwenye bandari.

Jumuiya haikufa kwa barua moja ya kujitoa. Ilikatwa kiungo kimoja kimoja. Mapema mwaka wa 1977 ndege za shirika la pamoja zilisimama, Kenya ikaanzisha shirika lake, na Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka huo ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Mwisho wa Juni 1977 bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na ikawa basi.

Sisi tulikuwa upande wa Bugisu. Brazil ilikuwa imepigwa na baridi kali mwaka wa 1975, na bei ya kahawa ikapanda duniani kote, ila mkulima wa Uganda alilipwa shilingi isiyonunua chochote. Basi kahawa ilivuka usiku hadi soko la Chepkube, Kenya, kichwani na kwa punda. Mama yangu alikuwa miongoni mwa wabebaji. Alirudi na chumvi, sabuni na sukari. Usiku mmoja mwaka wa 1977 alituchukua na sisi watoto, hatukurudi tena hadi utawala ulipobadilika. Kiswahili hiki nilikipata Bungoma.

Serikali iliita kazi hiyo magendo na kuwatuma askari. Katika enzi hizohizo, Busia, vijana wa baiskeli walivusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka wakiita boda, boda. Watu wanaochukua pikipiki leo Kampala au Nairobi hawajui kwamba jina hilo limetoka mpakani.

Vita vya Kagera vilimwondoa Amin Aprili 1979. Obote alirudi Mei 1980, akatua Bushenyi, na uchaguzi wa Desemba, ambao wapinzani walisema uliibwa, ukampa urais mara ya pili. Damu iliyomwagika Luwero katika miaka iliyofuata inahitaji makala yake.

Ninachotaka kukitaja ni Mei 14, 1984. Baada ya miaka ya upatanishi wa Mswisi Victor Umbricht, Obote alikwenda Arusha akatia sahihi pamoja na Nyerere na Daniel arap Moi mkataba wa kugawana mali na madeni. Kenya ilipata asilimia 43, Tanzania 32 na Uganda 25. Kati ya waliotia sahihi Kampala mwaka wa 1967, ni yeye na Nyerere tu waliokuwapo kwenye mgawo huo. Ndani yake waliacha kifungu cha kutafuta namna ya kushirikiana tena baadaye.

Mwaka mmoja hivi baadaye, Julai 27, 1985, wanajeshi wake walimpindua tena. Alipitia Kenya akaishia Zambia, na huko Lusaka alikaa miaka 20. Hakuirudia Uganda akiwa hai.

Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha Novemba 30, 1999. Nchi wanachama sasa ni nane, lakini wenzetu wa Gatuna, mpaka wetu na Rwanda, walifungiwa tangu Februari 2019 hadi Januari 2022 kwa sababu wakubwa walikuwa hawaelewani. Walipokuwa wakinisimulia hasara zao, nilimkumbuka mama na Chepkube.

Umoja wa forodha ulianza upya Januari 2005. Oktoba 10 ya mwaka huohuo Obote alifariki Johannesburg. Alirudishwa nyumbani, akapewa mazishi ya kitaifa na kuzikwa Akokoro. Mimi nilikuwa Busia nikingoja lori langu la maharagwe likaguliwe. Habari tuliisikia redioni, wazee wawili wakavua kofia, na foleni ikasogea.