Mwanafalaki wa Greenwich na Kipandauso cha Nyumbani Mwake

Dereva yeyote wa malori ya masafa marefu atokaye Mombasa anaijua Sachangwan. Ni kule juu, ukisha kuiacha Nakuru na Salgaa kuelekea Mau Summit, penye baridi na ukungu, na mteremko wake wa kurudia Salgaa umekula watu wengi. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapo, likalipuka wakati watu wamelizunguka wakichota petroli, na waliokufa walizidi 100. Katika mteremko huo huo ndipo jamaa yangu mmoja, aliyekuwa akirudi pwani kutoka Malaba na shehena ya kahawa, alipopotewa na nusu ya barabara.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Alikuwa amefunga, japo msafiri ana ruhusa yake, na usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala. Kwanza aliona nukta ndogo ya mwanga, kama ile inayobaki machoni ukitazama taa. Nukta ikapanuka, ikawa upinde wenye kona kona, unametameta na kuchemka, mfano wa kuta za Fort Jesus mtu akizitazama kutoka angani. Kila kilichoingia ndani ya upinde ule kilitoweka. Lori lililokuwa likipanda mbele yake aliliona ubavu mmoja tu. Alikuwa na akili ya kushusha gia na kuegesha pembeni. Baada ya nusu saa mwanga ukaisha, na maumivu yakaingia upande mmoja wa kichwa hata akatapika. Utingo wake alishika kwamba amepigwa na kitu cha msitu wa Mau.

Alipofika nyumbani na kuyasimulia, mama yake hakushangaa hata kidogo. Yeye mwenyewe huyaona, na baba yake alikuwa akiyaona. Wazee walikuwa wakisema nyumba ile ina mgeni wake, na makombe yaliyonywewa humo hayana idadi. Mimi sina neno juu ya makombe. Lakini kisa cha nyumba ile kilinikumbusha nyumba nyingine, ya mbali sana, ambayo mambo yake yaliandikwa tangu karne ya 19.

Mwenye nyumba hiyo ni Sir George Biddell Airy, Mwanafalaki wa Kifalme wa Uingereza. Alizaliwa Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 27 Julai 1801. Baba yake alikuwa mtoza ushuru, naye alipoachishwa kazi nyumba ikaingia dhiki. Kijana George, aliyekuwa hodari wa hesabu tangu utoto, alimwandama mjomba wake, Arthur Biddell, mkulima wa karibu na mji wa Ipswich, na malezi yake mengi akayapata huko. Mwaka 1819 aliingia Trinity College, Cambridge, akiwa miongoni mwa wanafunzi maskini waliopunguziwa karo. Mwaka 1823 akatoka wa kwanza katika mtihani wa hesabu wa chuo kizima, na baada ya miaka mitatu tu alikuwa profesa, akikalia kiti kile kile alichowahi kukikalia Isaac Newton.

Macho ya huyu bwana yana hadithi yake. Akiwa bado kijana alitambua kwamba jicho lake la kushoto halifanyi kazi sawasawa: nukta ya mwanga kwake ilikuwa mstari. Wengine wangenung'unika na kuvumilia. Airy alikaa akalipima jicho lake kama anavyopima nyota, akachora umbo la kioo kitakachoisahihisha kasoro ile, na mwaka 1825 fundi mmoja wa Ipswich akamtengenezea. Kila avaaye leo miwani ya namna hiyo amefaidika na jicho la Airy.

Mwaka 1824, katika matembezi ya milimani, alimwona binti wa kasisi, jina lake Richarda Smith, na baada ya siku mbili akaposa. Baba mtu akakataa, kwa kuwa kijana hakuwa na mali. Airy alingoja miaka sita. Walioana mwaka 1830 wakapata watoto tisa, ambao wengine waliwazika wakiwa wadogo.

Kuanzia mwaka 1835 hadi 1881 aliusimamia mnara wa falaki wa Greenwich. Alikuwa mtu wa utaratibu kupita kiasi. Hakutupa karatasi, na inasimuliwa kwamba aliwahi kumaliza mchana mzima akibandika karatasi za kueleza kuwa masanduku fulani hayana kitu. Wengi hawakumpenda. Sayari ya Neptune ilipogunduliwa Berlin mwaka 1846, Waingereza walimlaumu yeye kwa kuzembea hesabu za kijana wao, John Couch Adams. Lakini mabaharia wana deni kwake, maana ndiye aliyetafuta njia ya kuzisahihisha dira katika meli za chuma, ambazo chuma chake kilikuwa kikizipotosha. Na sisi pia tunaye kila siku. Darubini aliyoisimamisha Greenwich, iliyoanza kazi mwaka 1851, ndiyo iliyochaguliwa katika mkutano wa mataifa uliofanyika Washington mwaka 1884 iwe mstari wa sufuri wa dunia. Mombasa ikisemwa iko nyuzi 39 na dakika 40 mashariki, ni mashariki ya darubini ya Airy. Saa zetu za Kiswahili, ambazo twazihesabu tangu jua kuchomoza, hazimjui. Lakini saa ya redioni inamjua.

Sasa turudi kwenye kipandauso. Mtu huyu aliyeishi kwa kutazama alikuwa, mara kwa mara, akipotewa na nusu ya anachokitazama. Mwaka 1865 alichapisha maelezo ya hali hiyo, pamoja na mchoro wa jinsi upinde wa kona kona unavyoanza karibu na katikati ya macho, ukapanuka na kwenda zake pembeni. Wataalamu wa wakati ule walikuwa wakibishana. David Brewster, bingwa wa elimu ya mwanga, aliona chanzo ni jicho lenyewe. Airy alikata kwamba makao ya ugonjwa ni ubongo, na jicho ni shahidi tu. Alikuwa na haki. Kwake yeye mwanga ule kwa kawaida haukufuatwa na maumivu makali, na hii ndiyo sababu aliweza kukaa akauchora.

Mwanawe Hubert, aliyezaliwa mwaka 1838, hakupata bahati hiyo. Ulimwanza mwaka 1854, akiwa kijana wa shule, na kwake maumivu ya kichwa yalifuata. Hubert akasomea udaktari. Mwaka 1870 akapeleka mbele ya Royal Society ya London makala yenye michoro ya rangi ambayo mabingwa wa maradhi ya neva wanaitazama hadi leo. Naye aliufananisha upinde ule na mji wenye ngome. Hapo ndipo baba na mwana, kila mmoja na kalamu yake, walipoonekana kuchora kitu kimoja. Miaka mitatu baadaye daktari Edward Liveing alitoa kitabu kikubwa juu ya kipandauso, na humo akaonyesha kwamba maradhi haya hupita katika koo.

Jina la maradhi lenyewe ni la zamani kuliko watu hao wote. Waarabu huyaita shakika, yaani nusu, kwa kuwa hukamata upande mmoja. Ibn Sina aliyaeleza katika Kanuni yake, na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipigwa chuku kichwani naye yumo katika ihramu, kwa ajili ya shakika. Kwa hiyo mwenye kipandauso asione haya. Si uvivu wala si kisingizio cha kukimbia kazi.

Lakini kinachorithiwa ni nini hasa? Elimu ya leo inasema mtoto harithi maumivu yenyewe, hurithi ubongo ulio mwepesi wa kushtuka. Ni kama paa la makuti makavu: haliwaki lenyewe, lakini cheche ambayo haiwezi kitu juu ya bati italiteketeza. Cheche ni njaa, kukosa usingizi, kiu, mwanga mkali, kwa wanawake mabadiliko ya siku zao, na kwa mnywaji wa kahawa kuikosa ghafla. Ramadhani huzileta kadhaa kwa pamoja, na wenye kipandauso wengi hulalamika zaidi katika siku za mwanzo za mwezi. Pacha wa kufanana hushirikiana ugonjwa huu zaidi kuliko pacha wasiofanana, na kutokana na hesabu hizo wataalamu wanakadiria kwamba takriban nusu ya uzito wa jambo ni urithi.

Mwaka 1996 watafiti wa Uholanzi na wenzao waligundua jeni ya kwanza, katika aina adimu ambayo mgonjwa hulegea upande mmoja wa mwili. Jeni hiyo inahusika na vijilango vinavyopitisha kalsiamu katika chembe za neva. Kipandauso cha kawaida hakina jeni moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 100,000, ulikuta sehemu 123 za urithi, na kila moja inachangia kidogo tu. Ndiyo maana katika ndugu wanne mmoja huumwa na watatu wakapona, na ndiyo maana George alichora kwa raha ilhali Hubert aliumwa. Upinde wenyewe ni wimbi la neva linalotambaa juu ya gamba la ubongo kwa mwendo wa kiasi cha milimita tatu kwa dakika. Mmarekani Karl Lashley aliupata mwendo huo mwaka 1941 kwa kuupima upinde wake mwenyewe.

Airy alistaafu mwaka 1881. Cheo cha Sir alikuwa amekipokea mwaka 1872, baada ya kukikataa hapo awali. Mkewe alimtangulia mwaka 1875. Mwaka 1891 alianguka, akapasuliwa, na tarehe 2 Januari 1892 akafariki akiwa na umri wa miaka 90. Alizikwa Playford, karibu na shamba la mjomba aliyemlea. Hubert alifariki mwaka 1903.

Jamaa yangu siku hizi hubeba maji na tende ndani ya lori, na hafungi akiwa safarini. Hulipa siku zake baadaye. Daktari alimwandikia dawa, na akamwonya kwamba mwanamke wa ukoo ule mwenye kuona mianga asimeze vidonge vya uzazi wa mpango bila ya kumweleza daktari kwanza, kwa hofu ya kiharusi. Akifika Sachangwan akahisi nukta ile, huegesha. Mwaka jana binti yake wa miaka 13 alirudi chuoni akisema nusu ya ubao wa mwalimu imeliwa na msumeno unaong'aa. Safari hii hakuna aliyetafuta kombe kwanza. Bibi yake alimlaza chumba cha giza, akafunga madirisha, akakaa naye.