Masinde Muliro na Jembe Linalolisha Taifa

Mwanafunzi wa leo anayeyaona mahindi ya Naitiri yakitanda hadi upeo wa macho huenda akadhani kwamba ardhi ile imekuwa mikononi mwa wakulima wadogo tangu kale. Sivyo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, sehemu hiyo ya Bungoma inayopakana na Trans Nzoia ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi, na Mwafrika aliishi humo kama kibarua tu. Habari ya mageuzi hayo haiwezi kukamilika bila kumtaja hayati Masinde Muliro.

Muliro alizaliwa mwaka wa 1922 huko Matili, karibu na Kimilili. Alipata shahada yake katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, wakati nchi hiyo ilipokuwa ikiimarisha utawala wa ubaguzi wa rangi, na ambako sheria ilikuwa imemwachia Mwafrika kipande kidogo tu cha ardhi ya mababu zake. Aliporejea nyumbani alishika kazi ya ualimu. Mwaka wa 1957 alichaguliwa kuwakilisha Nyanza Kaskazini, akawa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura.

Mwaka wa 1960 alikuwa makamu wa Ronald Ngala katika chama cha KADU, na mwaka uliofuata akawa Waziri wa Biashara na Viwanda. Katika mjadala wa majimbo aliutetea sana mji wa Kitale uwe katika Jimbo la Magharibi. Hakufaulu, kwani mji huo uliwekwa Bonde la Ufa, na jamii nyingine nazo zilikuwa na madai yao ya haki juu ya ardhi ile. Hata hivyo, kushindwa huko hakukumnyamazisha. Kama mpaka haukuweza kusogezwa, mkulima angeweza kuinunua ardhi.

Aliwahimiza watu wake wachange fedha, waungane katika vyama na makampuni, wanunue mashamba yaliyokuwa yakiachwa na walowezi. Wakati huo huo, serikali ilikuwa ikitekeleza mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka wa 1962, ambao ulizipatia makao familia zipatazo 35,000 katika skimu mbalimbali nchini. Ardhi hiyo haikutolewa bure. Mwananchi alipewa mkopo, akaulipa kwa mahindi na maziwa, msimu baada ya msimu.

Walikuwako waliobashiri kwamba kugawanywa kwa mashamba makubwa kungeleta njaa. Mambo yakawa kinyume. Mwaka wa 1964 watafiti wa Kitale walitoa mbegu chotara ya mahindi iliyoongeza mavuno, na wakulima wadogo wakaipokea kwa haraka. Kufikia mwisho wa muongo huo, takriban nusu ya mazao yote yaliyouzwa nchini yalitoka kwa wakulima wadogo.

Baada ya uchaguzi wa 1969, Muliro aliteuliwa kuwa Waziri wa Vyama vya Ushirika na Huduma za Jamii. Wadhifa huo ulimfaa. Mwenye magunia kumi peke yake hana sauti mbele ya mchuuzi, lakini wenye magunia elfu kumi kwa pamoja husikilizwa. Ila ushirika wataka uaminifu, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari. Vyama vingi vilivyoporomoka baadaye havikuuawa na ukame, bali na viongozi wasiotoa hesabu.

Yeye mwenyewe alionyesha kwamba cheo si kitu cha kukumbatiwa. Mwaka wa 1975, akiwa Waziri wa Ujenzi, aliiunga mkono ripoti ya Bunge kuhusu mauaji ya J. M. Kariuki, na papo hapo akafutwa kazi. Mwaka wa 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi sita wa FORD. Aliaga dunia Agosti 1992, mara tu aliporejea Nairobi kutoka London, miezi michache kabla ya uchaguzi wa vyama vingi.

Leo kilimo bado huchangia takriban moja kwa tano ya pato la taifa letu. Lakini mashamba yaliyonunuliwa kwa jasho na babu yamekatwa mara kwa mara kwa ajili ya wana na wajukuu, mpaka mengine hayatoshi kuilisha jamaa moja, sembuse kuuza ziada. Kizazi cha Muliro kilitatua tatizo la kuipata ardhi. Tatizo la kizazi hiki ni kuitumia kwa pamoja bila kuimaliza. Enyi walimu, mnapomfundisha mwanafunzi historia ya vyama na chaguzi, mwonyesheni pia shamba lililo nje ya dirisha la darasa. Humo ndimo hazina ya dola ilimo, na humo ndimo atakapopaswa kuilinda.