Maisha ya Sayyida Salme (1844–1924)

Watahiniwa wengi huipotezea alama dhamira ya uhamiaji kwa kuiona upande mmoja: mhamiaji ama anapenda kwao, ama amekusahau. Maisha ya Salme yatakuonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo. Isitoshe, yeye si mgeni kwetu kabisa. Mji wetu wa Sultan Hamud unabeba jina la Sultani Hamud bin Mohammed, mtoto wa ndugu yake.

Utotoni: Salme alizaliwa Unguja, katika kasri la Mtoni. Babake alikuwa Sultani Seyyid Said. Mamake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetolewa kwao Circassia angali mtoto. Wakati huo wasichana hawakufunzwa kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Kuondoka: Mwaka 1866 alikuwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Akatoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa mwaka 1867, kisha wakahamia Hamburg.

Ugenini: Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Salme alifundisha Kiarabu ili apate riziki. Mwaka 1886 alichapisha tawasifu kwa Kijerumani. Aliiandika kwanza kwa ajili ya wanawe, wapate kujua asili yao.

Kurudi: Alifika Unguja mwaka 1885, lakini pamoja na manowari za Wajerumani, waliokuwa wakitafuta makoloni. Ndugu yake, Sultani Barghash, alikataa kumpokea na kumpa urithi. Alirudi tena mwaka 1888, bila mafanikio. Alifia Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg. Husimuliwa kwamba alizikwa na mchanga kidogo wa pwani ya Unguja, aliokuwa ameuhifadhi miaka yote hiyo.

Zingatia: Hamu ya kwao ilimpa Salme kalamu, lakini pia ilimfumba macho. Katika tawasifu yake alitetea hata utumwa wa Unguja, ilhali mamake mwenyewe aliwahi kuuzwa. Unapomjadili mhusika aliye ugenini, usiishie kutaja kwamba anakumbuka kwao. Eleza anakumbuka nini, anaficha nini, na nani anafaidika na kumbukumbu hiyo.

Zoezi: Mcha mwana kulia hulia yeye. Kwa kurejelea mhusika mmoja katika riwaya uliyosoma, onyesha jinsi uamuzi wa kuhama ulivyomletea faida na hasara. (alama 10)