Eadweard Muybridge, Mpiga Picha wa Farasi

Katika kurasa hizi mmekwisha kusoma habari za wafalme, wasafiri na waganga mashuhuri. Leo napenda kuwasimulia maisha ya mtu aliyepata sifa duniani kwa kazi ambayo wengi wataidhania kuwa ni mchezo, yaani kupiga picha za farasi. Jina lake ni Eadweard Muybridge. Alikufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lakini kila aendaye sinema ana deni kwake. Hata hivyo si sinema iliyonifanya nishike kalamu. Nimeishika ili kueleza jinsi fundi hodari kuliko wenzake alivyonyimwa matunda ya kazi yake, na jinsi alivyojifunza kuyalinda.

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Sasa nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha kuchapa picha na kalenda huku Bujumbura, katika mtaa wa viwanda. Wapiga picha wa mjini hutuletea kazi zao: picha za arusi, za ubatizo, za mahafali, na za ng'ombe wenye pembe ndefu ambao wenyewe huwaonea fahari kama matajiri wa Ulaya na Marekani walivyowaonea fahari farasi wao. Farasi kwetu ni wachache. Lakini mambo yaliyompata bwana huyu hutupata na sisi, ndiyo sababu nimeyasoma maisha yake kwa makini.

Bwana Muybridge alizaliwa tarehe 9 Aprili 1830 katika mji wa Kingston upon Thames, Uingereza. Wazazi wake walimwita Edward James Muggeridge. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi alivuka bahari kwenda Marekani, na baadaye akawa muuza vitabu San Francisco. Mwaka wa 1860 gari la farasi alilopanda lilipata ajali huko Texas, akaumia vibaya kichwani. Akarudi Uingereza kujiuguza, akakaa miaka kadhaa, na alipoonekana tena San Francisco hakuwa muuza vitabu bali mpiga picha.

Hakuanza na farasi. Mwaka wa 1867 alikwenda bonde la Yosemite, penye maporomoko makubwa ya maji na majabali, akapiga picha na kuziuza. Akaziandika jina la biashara, Helios, maana yake jua kwa Kiyunani. Mwaka wa 1868 serikali ya Marekani ikamtuma kupiga picha za nchi ya Alaska. Mwaka wa 1873 picha zake za Yosemite zikapata nishani katika maonyesho ya Vienna. Basi mtu huyu alijua mapema kwamba picha isiyo na jina la mwenyewe ni kama ng'ombe asiye na alama: yeyote aweza kumswaga.

Mwaka wa 1872 akaitwa na Leland Stanford. Bwana huyu alikuwa tajiri wa reli, aliyepata kuwa gavana wa California, naye alipenda sana farasi wa mashindano. Alikuwa na farasi mmoja hodari aitwaye Occident, akataka picha yake, lakini si ya kusimama. Alitaka picha ya farasi yumo katika mwendo wa matiti, ndio ule mwendo wa haraka usiofikia shoti, ili ijulikane kama kuna wakati ambapo kwato zote nne zimeacha ardhi. Wenye farasi walikuwa wakibishana sana juu ya jambo hilo, na jicho la mwanadamu halikuweza kuwaamua.

Yafaa nieleze kwa nini kazi hiyo ilikuwa ngumu. Siku zile picha ilipigwa juu ya sahani ya kioo iliyopakwa dawa, nayo ilitumika ingali mbichi. Kwa kawaida sahani ile ilihitaji kupata mwanga kwa sekunde kadhaa. Picha za farasi zilikuwa za farasi aliyesimama, mtunzaji wake akimshika hatamu, na akitikisa sikio tu sikio lile hutoka kama moshi. Sasa farasi wa mashindano huenda karibu mita 11 kwa sekunde moja. Ili asitoke kama moshi, kamera yapaswa kufunguka na kufunga kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, maana hata katika muda huo mdogo farasi husogea sentimeta moja. Vyombo vya kufanya hivyo havikuwako madukani. Bwana Muybridge alijaribu mwaka ule na mwaka uliofuata, akapata picha hafifu tu.

Kisha kazi ikakatizwa na jambo zito, wala sitalificha. Mwezi wa Oktoba 1874 alimpiga risasi na kumwua mwanamume aliyekuwa na uhusiano na mkewe. Mwezi wa Februari 1875 baraza la mahakama likamwachilia. Akasafiri kwenda Amerika ya Kati, akapiga picha Guatemala na Panama. Mkewe akafariki mwaka ule ule, na mtoto wao akalelewa katika nyumba ya mayatima. Ufundi wa mtu haufuti makosa yake, nasi tusome maisha yake yote bila kuchagua.

Mwaka wa 1877 alitoa tena picha ya Occident. Ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa imetengenezwa kwa brashi baada ya kupigwa, na watu walipotambua hivyo wakaikataa. Naam, mteja akikushuku mara moja, hata picha yako ya kweli ataitazama kwa jicho la kando. Bwana Muybridge akaona kwamba maneno hayatamsaidia. Dawa ni kufanya kazi mbele ya watu.

Akapanga kamera 12 kwa safu kando ya njia ya mashindano katika shamba la Bwana Stanford huko Palo Alto, kila moja mbali na mwenzake kwa inchi 21. Ng'ambo ya njia akasimamisha ukuta mweupe ili farasi aonekane wazi. Mhandisi wa reli akasaidia kutengeneza umeme wa kufungulia kamera. Gari dogo la magurudumu mawili lilipopita, gurudumu lilikanyaga waya, na kila waya ukafungua kamera yake. Kwa farasi aliyepandwa, zilitandwa nyuzi njiani, naye alizikata kwa kifua akipita. Safu nzima ilimalizika kwa muda wa nusu sekunde.

Tarehe 15 Juni 1878 waandishi wa magazeti wakaalikwa. Farasi Abe Edgington akapita akivuta gari lake, na muda mfupi baadaye waandishi wakaonyeshwa sahani zingali na maji. Akafuata farasi jike Sallie Gardner kwa shoti. Alipokuwa akipita, mkanda wa tandiko lake ukakatika, na mkanda ule uliokatika ukaonekana katika picha. Hapo mashaka yakaisha, maana nani angechora ajali iliyotokea sasa hivi machoni pa watu? Ikajulikana pia kwamba kwato zote nne huacha ardhi. Lakini katika shoti haziachi wakati miguu imenyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuchora, bali wakati imekusanywa chini ya tumbo. Picha za wachoraji wa miaka mingi zikaonekana kuwa na kosa.

Biashara ikastawi. Alichapa kadi zenye jina la farasi, jina la mwenye farasi, mwendo wake na tarehe, na chini yake haki ya mpiga picha kwa jina la Muybridge, 1878. Mwaka wa 1879 akapata hati za serikali za kulinda njia yake ya kupiga picha. Mwaka ule akaongeza kamera zikawa 24, tena akabuni chombo cha kuonyesha picha zake ukutani zikitembea, kilichoitwa zoopraksiskopu. Magazeti ya New York na Paris yalikuwa yamekwisha kuchapa habari zake, na mwaka wa 1882 akawahutubia wataalamu wa London.

Lakini palikuwa na ufa. Gharama zote za Palo Alto zilitolewa na Bwana Stanford. Je, kazi ile ilikuwa ya nani: ya mwenye farasi na fedha, au ya mwenye ujuzi? Kila mmoja alikuwa na jibu lake moyoni. Mwaka ule wa 1882 Bwana Stanford akatoa kitabu juu ya mwendo wa farasi, kilichoandikwa na daktari rafiki yake. Picha nyingi za Muybridge ziligeuzwa kuwa michoro, na jina lake halikuwako kwenye ukurasa wa kwanza; ndani alitajwa kama mtu wa kuajiriwa tu. Chama kikuu cha sayansi cha London kilikuwa tayari kuchapa maandiko yake. Kilipokiona kitabu kile kikaghairi, kwa kudhani kwamba ametwaa kazi ya mwingine. Bwana Muybridge akaenda mahakamani, na mwaka wa 1885 kesi ikamshinda.

Hapo ndipo ninapowakumbuka vijana wanaofika kiwandani kwetu. Mmoja wao, hodari kwa picha za ng'ombe, alitujia na kalenda mkononi iliyochapwa kwingine. Miezi kumi na miwili, na picha saba zilikuwa zake. Jina lake halikuwako, wala hakupata faranga hata moja zaidi ya nauli aliyopewa siku ya kwenda malishoni. Mwenye ng'ombe alisema kwamba ng'ombe ni wake, na petroli ilikuwa yake. Kijana alisema kwamba jicho lilikuwa lake. Wote wawili walisema kweli, lakini hakuna aliyekuwa na karatasi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nami naona kuwa picha ni mali kama mali nyingine.

Turudi kwa Bwana Muybridge. Hakukaa kitako kulia. Tangu mwaka wa 1884 alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, akipiga picha za farasi, nyumbu, ngamia, tembo, ndege na watu. Mwaka wa 1887 kazi ile ikatolewa: kurasa kubwa 781, zenye picha ndogo karibu 20,000. Safari hii kila ukurasa ulibeba jina lake na haki yake. Tena akawauzia watu kwa kujiandikisha, mteja akichagua kurasa 100 kwa dola 100.

Si kila jambo lilimwendea vema baadaye. Katika maonyesho ya Chicago ya 1893 alijengewa ukumbi wa kuonyesha picha zake zitembeazo, lakini waliolipa kiingilio walikuwa wachache. Mwaka uliofuata akarudi Uingereza moja kwa moja. Akatoa vitabu viwili, kimoja cha wanyama mwaka wa 1899 na kimoja cha watu mwaka wa 1901, akafariki Kingston tarehe 8 Mei 1904. Vyombo vyake aliurithisha mji aliozaliwa. Na tazameni mambo ya dunia: mtu aliyelipigania jina lake maisha yake yote, kwenye jiwe la kaburi lake huko Woking wameliandika kwa makosa, Maybridge.

Basi wadogo zangu mnaotaka kuishi kwa kamera, iwe kwa farasi, ng'ombe au maarusi, shikeni mambo mawili. Kwanza, picha yenu iwe ya kweli, na anayeshuku aalikwe aje kutazama. Pili, kabla hamjafungua kamera, andikeni karatasi mbili, moja yenu na moja ya mteja, zikisema nani atalipa gharama, picha itatumika wapi, haki yake ni ya nani, na jina la mpiga picha litawekwa mahali gani. Kisha wote wawili mtie sahihi. Kuandika huko hakuchukui hata robo saa. Bwana Muybridge aliweza kuigawanya sekunde moja mara elfu, lakini robo saa hiyo ilipokosekana ilimgharimu miaka mitatu ya mahakama.