MAMA MUILU MARIE: ALIPANDA, WENGINE WAKAVUNA



Kila tarehe 27 Aprili tunamkumbuka Mama Muilu Marie, mke wa Papa Simon Kimbangu. Habari za Papa tunazijua vizuri, lakini habari za Mama tunazipita mbio mbio. Hata hivyo, bila mama huyu kanisa letu lisingefika mpaka huku Nzilo.

Alikuwa mwanamke wa kijiji, wa upande wa Nkamba. Kwa desturi ya Bakongo, shamba la mihogo na karanga ni kazi ya mama, naye aliishi hivyo. Yeye na mume wake walibatizwa tarehe 4 Julai 1915 katika misioni ya Wabaptisti kule Ngombe-Lutete. Mungu aliwapa wana watatu: Charles Kisolokele mwaka 1914, Salomon Dialungana mwaka 1916 na Joseph Diangienda mwaka 1918.

Tarehe 6 Aprili 1921 Papa alianza kazi ya kuhubiri na kuponya. Watu waliacha kazi za Wazungu, wakajaa Nkamba. Serikali ya Wabelji iliogopa. Mwezi wa Septemba Papa alijitoa mwenyewe akakamatwa, na tarehe 3 Oktoba baraza la askari huko Thysville, Mbanza-Ngungu ya leo, lilimhukumu kupigwa fimbo 120 na kuuawa. Mfalme Albert I aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Papa akapelekwa mbali sana, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu.

Fikirini hali ya Mama siku zile. Mume amekwenda. Kisolokele, mtoto wa miaka 7, amechukuliwa na serikali na kuwekwa katika shule yake huko Boma. Baadaye Diangienda naye akapelekwa huko. Mama akabaki na Dialungana, wakichungwa na serikali. Kusali pamoja kulikatazwa. Waamini wengi walifukuzwa makwao, wengine wakapelekwa hata Lowa, kando ya mto huu huu wetu wa Lualaba, mbali huko chini.

Mama angeweza kuikana imani ili aachwe kwa amani. Hakuikana. Alishika jembe, akamlea mtoto, akawapokea waamini waliomjia kwa siri kutafuta faraja na shauri. Kazi ambayo Papa aliifanya wazi kwa miezi mitano, Mama aliichunga kwa siri zaidi ya miaka 37.

Tarehe 12 Oktoba 1951 Papa alifariki kifungoni Elisabethville, baada ya miaka 30. Mama akawa mjane. Hata hapo hakulegea, na wana wake waliokwisha kukua wakasimama pamoja naye katika kazi.

Tarehe 27 Aprili 1959 Mama alilala katika Bwana. Tarehe 24 Desemba mwaka ule ule, serikali ikalikubali kanisa. Ilibaki miezi minane tu! Na mwezi wa Aprili 1960 mwili wa Papa ulitolewa Elisabethville ukarudishwa Nkamba. Mama hakuiona siku hiyo. Alikuwa kama Musa, aliyeitazama Kanaani toka mlimani lakini hakuvuka.

Wapendwa, somo ni gani? Sisi mashemasi tunahesabu sadaka na kuandika majina ya wanaosimama mbele. Lakini kanisa lilibebwa na mama aliyelima, aliyepika, aliyenyamaza na kusali. Basi tusimdharau mama anayefika kwenye ibada mikono ikiwa na udongo wa shamba.

Nawe mama wa Nzilo, ambaye mume yuko mbali au amefariki, na watoto hawajarudi kwa Bwana, usiseme kwamba umefanya kazi bure. Mbegu haimwulizi mkulima kama atakuwapo siku ya mavuno. Wewe panda. Mungu anajua siku yake.

Baba wa familia, na sisi viongozi, tuwaheshimu mama zetu wakiwa hai, tusingoje kuwasifu kaburini.

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.