Mary Ainsworth: Msomi Aliyefunzwa Ulezi na Kina Mama wa Buganda

Huku kwetu Pwani, binti akienda kufanya kazi kwenye mashamba ya maua ya Naivasha na mwana mchanga mgongoni, lawama humfuata hadi Karagita, ule mtaa wa wafanyakazi kando ya ziwa. Husemwa kwamba ameiuza haki ya mtoto kwa mshahara. Mimi naona kabla ya kuhukumu, tuyajue maisha ya mwanamke mmoja aliyelichunguza jambo hili hapa hapa Afrika Mashariki.

Mary Salter alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1913, akakulia Toronto, Kanada. Alisomea saikolojia hadi shahada ya uzamivu, akaipata mwaka 1939. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliingia jeshi la wanawake la Kanada, akafikia cheo cha meja. Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London. Huko alifanya kazi na Dkt. John Bowlby, aliyekuwa akitafiti madhara ya mtoto mdogo kutenganishwa na mamake.

Mwaka 1954 mumewe alipata kazi Kampala, naye akafuatana naye. Mary hakukaa bure. Alijifunza Kiganda kidogo, akamtafuta mkalimani, akaanza kutembelea vijiji vya karibu na mji. Alizifuata familia 26 zenye watoto wachanga 28. Kila baada ya wiki mbili aliketi nao saa mbili hivi, kwa miezi kadhaa, akitazama mtoto anavyonyonya, anavyolia, anavyotambaa na anavyomkimbilia mamake akiona mgeni.

Alikuja akitaka kujua mtoto huathirika vipi anapoachishwa ziwa kwa kupelekwa mbali na mamake, kama ilivyokuwa desturi. Alikuta desturi hiyo imekwisha kufifia, ikambidi aangalie mengine. Aliona mtoto humfanya mamake kuwa ngome yake: huenda kucheza, hugeuka kumtazama, akiogopa hurudi. Kati ya wale 28, aliwahesabu 16 kuwa na utulivu kwa mama zao, 7 wenye wasiwasi, na 5 ambao mapenzi kwa mama yalikuwa hayajajengeka.

Alipotafuta sababu, hakuona kwamba kusaidiwa na bibi, shangazi au jirani ndiko kulikomharibu mtoto. Watoto watulivu walikuwa wa kina mama waliopata muda wa kutosha nao, waliofurahia kuwanyonyesha, na walioweza kumweleza mgeni kwa undani tabia za wana wao. Kwa ufupi, mama anayemsoma mwanawe.

Baadaye alihamia Baltimore, Marekani, akarudia kazi hiyo kwa familia nyengine 26. Huko akabuni jaribio fupi la kumwacha mtoto na mgeni kidogo, kisha kutazama anavyompokea mamake akirudi. Jaribio hilo ndilo lililomtangaza duniani. Kitabu chake cha Uganda kilitoka mwaka 1967. Wako wasomi waliompinga, wakisema kipimo kilichotengenezwa Marekani hakitoshi kupima jamii ambako mtoto hulelewa na wengi. Hoja yao ina uzito. Lakini msingi wa elimu yake ulitoka kwa kina mama wa Buganda. Alifariki Virginia mwaka 1999, bila kujaaliwa mtoto wake mwenyewe.

Sasa turudi Karagita. Mama anayetoka alfajiri na kurudi jioni amechoka, atamsoma mwanawe saa ngapi? Mapenzi anayo. Anachokosa ni muda na msaada. Sheria ya Kenya yampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu, na Sheria ya Afya ya 2017 yamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea kazini. Tukitaka kupiga kelele, tuanzie hapo: je, binti yetu apata haki hizo?

Na sisi jamaa tujiulize. Wazee wetu hawakumwachia mama mmoja mzigo wa mtoto. Nyumba nzima ililea. Suratul Baqara, aya ya 233, yataja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, yamwekea baba jukumu la kumlisha na kumvisha mama, na yataka wawili hao washauriane kuhusu kumwachisha mtoto ziwa. Basi baba naye yumo. Bibi akiweza, na aende Karagita akae na mjukuu miezi ya mwanzo. Asiyeweza kwenda, achange mama alipe mlezi mwema mwenye watoto wachache, anayemjua mtoto kwa jina na kwa kilio chake.

Lawama haimbembelezi mtoto. Wabillahi tawfiq.