Shaaban Robert na Miaka Hamsini ya Hakimiliki

Marehemu Sheikh Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Baada ya kusoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, aliajiriwa kuwa karani wa forodha. Alihudumu huko hadi 1944, kisha akahamia idara nyingine za serikali mpaka alipostaafu mwaka 1960. Kwa takriban miaka 34, basi, nguli huyu wa fasihi ya Kiswahili aliilisha aila yake kwa mshahara wa ofisini, si kwa utunzi wake.

Si kwamba kalamu yake ililala. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, nayo Adili na Nduguze mwaka 1952. Hata hivyo, mavuno mengi yalichelewa. Alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 20 Juni 1962, akazikwa Machui. Kufikirika ilitoka mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zikafuata mwaka 1968. Vitabu vyake vikaingia madarasani Kenya na Tanzania hali mwenyewe yumo kaburini. Aliyepanda hakuvuna, haki ya kuvuna iliwaangukia warithi.

Hapa ndipo muda wa hakimiliki unapokuwa suala zito. Sheria ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2001 humlinda mtunzi maishani mwake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kipimo hicho, zamu ya Shaaban Robert ilikamilika mwishoni mwa 2012. Katika Umoja wa Ulaya kipimo ni miaka 70, ambacho kingeifikisha mwisho wa 2032.

Lau hakimiliki ingalikoma siku ya mazishi, mayatima wa karani huyu wangalidhulumiwa. Lakini hata mtoto ambaye angalikuwa mchanga mwaka 1962 alikuwa mtu wa makamo kufikia 2012. Miaka 20 ya ziada haimlei yatima. Humchelewesha msomaji, hasa pale kitabu kinapoadimika madukani na mwenye haki hakichapishi upya.

Sehemu ya pili ya tawasifu yake inaitwa Baada ya Miaka Hamsini. Mwandishi alihesabu umri wake, si muda wa kisheria. Ila kwa sadfa njema, hesabu hiyo yaelekea kuwatosha warithi wake na wasomaji wake pia.